Kingamwili kama Alama na Kingamwili kama Ngao: Kuikadiria Kinga ya Asili dhidi ya Malaria katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanajadili swali linalowakabili watafiti na washauri wa sera katika eneo la mpaka wa Uganda na Kenya: damu ya mkazi wa Tororo au Busia ikipimwa leo na kukutwa na kingamwili nyingi dhidi ya vimelea vya malaria, je, tunaweza kutabiri kwamba hataugua kesho? Hoja kuu ni kwamba kingamwili ile ile huweza kuwa alama ya vimelea vilivyokwisha kupita, ngao dhidi ya vimelea vijavyo, au vyote viwili kwa pamoja. Na kwamba kipimo cha maabara peke yake hakiwezi kutenganisha maana hizo pasipo kujua jinsi mtu alivyofikiwa na vimelea. Makala yanaonyesha kwamba tofauti za udhibiti wa mbu na za ratiba ya chanjo zilizopo katika mpaka huu zinatoa nafasi adimu ya kuzitenganisha maana hizo, na kwamba kuzichanganya kunaweza kuwagharimu watoto maisha pale sera inapobadilika.

1.0 Utangulizi

Wilaya za Tororo na Busia nchini Uganda, pamoja na Kaunti ya Busia nchini Kenya, ni eneo moja kwa mbu, ingawa ni maeneo matatu kwa watawala. Waiteso na Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka. Wafanyabiashara huvuka Malaba na Busia kila siku. Mabonde yenye maji na mashamba ya mpunga hayajui bendera. Hata hivyo, mipango ya kupambana na malaria hutayarishwa Kampala au Nairobi, kila mmoja kwa bajeti yake na kalenda yake.

Ukubwa wa tatizo umepimwa kwa makini katika eneo la Nagongera, wilayani Tororo. Uchunguzi ulioanza mwaka 2011 chini ya shirika la Infectious Diseases Research Collaboration la Uganda na washirika wake ulifuatilia kaya katika maeneo matatu. Walukuba, mjini Jinja, mkazi alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea takriban mara 2.8 kwa mwaka. Kihihi, wilayani Kanungu, idadi ilikuwa 32. Nagongera ilikuwa 310, yaani karibu kila usiku.

Lakini tukitazama ugonjwa wenyewe, picha inabadilika. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 10 waliugua malaria takriban mara 0.43 kwa mwaka Walukuba, mara 1.43 Kihihi, na mara 2.81 Nagongera. Mbu wenye vimelea walizidi kwa zaidi ya mara 100 kutoka Walukuba hadi Nagongera, ilhali ugonjwa ulizidi kwa chini ya mara 7. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na maambukizi yanayorundikana ndani ya mtu mmoja, na sehemu nyingine na mbu kuwauma baadhi ya watu zaidi ya wengine. Sehemu iliyobaki ni kinga. Mtoto wa Nagongera hulipa gharama kubwa katika miaka ya kwanza ya uhai wake, kisha mwili hujifunza kuishi na vimelea bila kuanguka kitandani. Swali la makala haya ni iwapo mafunzo hayo ya mwili yanaweza kusomwa katika tone la damu.

2.0 Suala la Istilahi: Kinga na Kingamwili

Kabla ya kuingia maabara, yafaa tuichunguze lugha yenyewe. Kiswahili kimezipa protini hizi jina la kingamwili. Ni istilahi fasaha na imekubalika. Hata hivyo, jina hilo limebeba hukumu ndani yake: linatuambia mapema kwamba kitu hiki hukinga mwili. Msikilizaji anayeambiwa na mhudumu wa afya kwamba damu yake ina kingamwili nyingi za malaria ana haki ya kuelewa kwamba amekingwa. Hajakosea kisarufi, amepotoshwa na neno.

Kwa hiyo, makala haya yanatumia istilahi hizo kwa mipaka ifuatayo. Kinga ni hali ya mtu kutougua, au kuugua kwa nafuu, anapofikiwa na vimelea. Kingamwili ni protini inayotengenezwa na mwili baada ya kukutana na sehemu fulani ya kimelea, sehemu hiyo ikiitwa antijeni. Kinga ya asili ni ile inayopatikana kwa kuishi na maambukizi, si kwa chanjo. Nayo haina budi kutofautishwa na kinga ya kurithi, kama ile ya wenye vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, ambayo Anthony Allison aliieleza mwaka 1954 kutokana na utafiti wake katika Afrika Mashariki. Mtoto mwenye urithi huo anaweza kupona haraka huku kingamwili zake zikiwa chache, na asiye nao akaugua huku zake zikiwa nyingi. Utafiti usiouzingatia urithi huo utazipa kingamwili sifa au lawama isiyo yao.

3.0 Kinga ya Asili Inavyojengeka

Kwamba kingamwili zinaweza kukinga si jambo la kubahatisha. Mwaka 1961, Cohen, McGregor na Carrington walitoa taarifa ya jaribio lililofanywa nchini Gambia: walichukua kingamwili kutoka katika damu ya watu wazima waliozoea malaria, wakawapa watoto waliokuwa wagonjwa, na vimelea vikapungua sana. Mwaka 1963 walionyesha kwamba kingamwili za watu wazima wa Afrika Magharibi ziliwasaidia pia watoto wa Afrika Mashariki. Ilithibitika, basi, kwamba ndani ya damu ya mtu mzima mmekuwamo kingamwili zinazofanya kazi, na kwamba kazi hiyo haikomei katika vimelea vya kijiji kimoja.

Lisilojulikana tangu siku hizo ni kingamwili zipi hasa, kwa kiasi gani, na kwa njia ipi. Ugumu huo unatokana na maisha ya kimelea chenyewe. Plasmodium falciparum huingia kwa mate ya mbu, hujificha katika ini kwa takriban wiki moja, kisha hutoka na kuvamia chembe nyekundu za damu, akizivunja kila baada ya saa 48 hivi. Katika kila hatua huvaa protini tofauti. Zile anazozitokeza juu ya chembe nyekundu hubadilishwa mara kwa mara, kwa kuwa kimelea kimoja hubeba vinasaba takriban 60 vya kuzitengeneza na huzitumia kwa zamu. Mwili ukilitambua vazi moja, kimelea huvaa jingine.

Ndiyo maana kinga hujengeka polepole na kwa ngazi. Mtoto mchanga huanza na kingamwili alizopewa na mama yake, ambazo hufifia katika miezi ya mwanzo. Baada ya maambukizi machache, hupata kinga dhidi ya malaria kali. Baada ya mengi zaidi, homa hupungua. Hatimaye, wingi wa vimelea vyenyewe hudhibitiwa. Uchambuzi wa takwimu za watoto wa maeneo yale matatu ya Uganda uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba uwezo wa kupunguza vimelea na uwezo wa kuvivumilia bila homa huongezeka kwa umri na kwa kadiri mtoto anavyofikiwa na vimelea. Ngazi ya mwisho, yaani kutoambukizwa kabisa, watu wachache huifikia.

Mama mjamzito anatupa ushahidi ulio wazi kwamba kinga hii haienei kila mahali kwa usawa. Mwanamke aliyekulia Nagongera, aliyemaliza miaka mingi bila homa, huwa hatarini tena anapobeba mimba ya kwanza, kwa sababu kondo la nyuma huwapa vimelea mahali papya pa kushikilia na protini mpya ya kutumia. Kingamwili dhidi ya protini hiyo hupatikana kwa mimba zinazofuatana. Kipimo kilichomtangaza kuwa amekingwa kabla ya ndoa kingekuwa sahihi kwa yale kiliyoyapima na kosa kubwa kwa hali inayomjia.

4.0 Kwa Nini Kipimo Kimoja Hudanganya

Tuchukue mfano wa kudhania. Katika kijiji kimoja tunawapima watoto 200. Mia moja wanaishi kando ya bwawa. Mia moja wanaishi mlimani, katika nyumba zisizofikiwa na mbu wengi. Kando ya bwawa, watoto 60 wana kingamwili nyingi, na kati yao 12 wanaugua mwaka unaofuata. 40 wana kingamwili chache, na kati yao 20 wanaugua. Mlimani, 10 wana kingamwili nyingi na hakuna anayeugua. 90 wana kingamwili chache na wanaougua ni 2 tu.

Mtafiti anayewachanganya watoto wote ataona hivi: wenye kingamwili nyingi ni 70, walioougua 12, wenye kingamwili chache ni 130, walioougua 22. Katika makundi yote mawili, ni takriban 17 kwa kila 100. Atahitimisha kwamba kingamwili hizo hazina kazi. Lakini kando ya bwawa, mahali ambapo vimelea vinawafikia watoto kweli, wenye kingamwili nyingi waliugua 20 kwa kila 100, na wenye chache 50 kwa kila 100. Ngao ipo. Imefichwa na watoto wa mlimani ambao hawakuugua kwa kuwa hawakushambuliwa.

Kosa la kinyume linawezekana vilevile. Kingamwili isiyokinga chochote huongezeka sambamba na ile inayokinga, kwa sababu zote huamshwa na maambukizi yale yale. Watoto wanaoumwa sana na mbu watakuwa nazo zote mbili, na takwimu zitamsifu mpita njia kama anavyosifiwa mlinzi. Hatari hii ni kubwa zaidi Nagongera, ambako karibu kila mtoto alikuwa amekwisha kukutana na antijeni nyingi kabla ya kuanza shule.

Aidha, wakati wa kupima una uzito wake. Kingamwili za aina ya kawaida katika damu hupungua kwa nusu katika takriban wiki tatu zisipotengenezwa upya, na baadhi hupungua haraka zaidi. Kwa watoto wadogo, ambao seli zao za kuzitengeneza hazidumu sana, kiwango kinachopimwa mwezi wa Juni baada ya mvua kinaweza kuwa tofauti kabisa na cha Februari. Kupima mara moja ni kuuona mto mara moja na kudai kuujua msimu.

5.0 Njia za Kutenganisha Alama na Ngao

Watafiti wamejaribu njia tatu kuu. Ya kwanza ni kuwaondoa katika hesabu wale ambao hawakufikiwa na vimelea. Watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, walipendekeza mwaka 2009 kwamba kinga ilinganishwe baina ya watoto walioambukizwa wakaugua na watoto walioambukizwa wasiugue, badala ya kuwahesabu wasioambukizwa kuwa wamekingwa. Njia hii inalingana na mfano wetu: inawatazama watoto wa bwawani.

Ya pili ni kumfikishia kila mtu kiasi sawa cha vimelea chini ya uangalizi wa madaktari. Kati ya mwaka 2016 na 2018, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) na washirika wake mjini Kilifi waliwaambukiza watu wazima 161 waliojitolea, kutoka maeneo yenye historia tofauti za malaria. Baada ya kuwaondoa waliokutwa na mabaki ya dawa au sababu nyingine za kutohesabiwa, walichambua matokeo ya watu 142. Kati yao 56 walihitaji matibabu katika muda wa uchunguzi, na 86 hawakuhitaji. Kwa kuwa wote walipewa vimelea sawa, tofauti yao haiwezi kuelezwa kwa bwawa na mlima. Udhaifu wa njia hii ni kwamba haiwezi kutumiwa kwa watoto wadogo, ambao ndio wanaokufa.

Ya tatu ni kuacha kutafuta kingamwili moja. Faith Osier na wenzake walionyesha mwaka 2008, kwa watoto wa Kilifi, kwamba wingi wa aina za antijeni zinazotambuliwa na damu ya mtoto, pamoja na kiwango cha kingamwili hizo, ulihusiana na kutougua zaidi kuliko kingamwili yoyote ikitazamwa peke yake. Utafiti uliofuata kutokana na jaribio la Kilifi umeongeza jambo la pili: kinachotazamwa kisiwe kuwapo kwa kingamwili tu bali pia kazi yake, yaani uwezo wake wa kuziita chembe nyeupe zimeze vimelea au kuziamsha seli nyingine za ulinzi. Kwa maneno mengine, kuhesabu askari hakutoshi. Lazima tujue kama wana silaha na kama wanasikilizana.

Kwa upande wa kingamwili kama alama, Uganda yenyewe imetoa mchango mkubwa. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi iliyopima damu ya watoto 186 wa Uganda dhidi ya antijeni zaidi ya 800. Ilibainika kwamba antijeni chache zilizochaguliwa vizuri zinatosha kukadiria ni siku ngapi zimepita tangu mtoto aambukizwe mara ya mwisho. Huu ni ufanisi wa kweli, lakini ni ufanisi wa kusoma nyayo. Nyayo hutuambia nani amepita. Hazituambii kama mlango umefungwa.

6.0 Tororo na Busia: Wilaya Jirani, Historia Mbili

Mnamo Desemba 2014 Tororo ilianza kupuliziwa dawa ukoko majumbani. Matokeo yalikuwa makubwa: maambukizi yaliporomoka, na zahanati zilizokuwa zikijaa watoto wenye homa zikapata nafasi. Wilaya jirani ya Busia, Uganda, haikuwa katika upuliziaji huo. Hivyo, watoto wenye lugha, chakula na hali ya hewa zinazofanana walikua wakiwa na historia mbili tofauti za kuumwa na mbu. Mpaka wa wilaya ulifanya kile ambacho hakuna kamati ya maadili ingeruhusu kifanywe kwa makusudi.

Kuanzia mwaka 2020, baada ya aina ya dawa kubadilishwa, malaria iliongezeka tena kwa kasi Tororo na katika wilaya nyingine zilizokuwa zikipuliziwa, huku mbu wa Anopheles funestus wakirejea kwa wingi. Kaskazini mwa Uganda kulikuwa na onyo la mapema: upuliziaji ulisimamishwa katika wilaya 10 mwaka 2014, na mwaka 2015 ugonjwa ukarudi kwa nguvu.

Hapa ndipo kipimo cha kingamwili kinapogusa maisha. Mtoto aliyezaliwa Tororo mwaka 2015 alifikia umri wa kuanza shule bila kupitia maambukizi mengi ambayo kaka yake mkubwa aliyapitia. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini inafuata kwamba mbu waliporudi, walimkuta katika umri ambao zamani ulihesabiwa kuwa salama, na ambao mipango mingi haiupi kipaumbele. Kwa kutumia kingamwili kama alama, wilaya ingeweza kujua mapema ni umri gani umekaa muda mrefu bila maambukizi, na kuandaa vyandarua, dawa na vipimo kabla ya wimbi, badala ya kusubiri wodi zijae.

Lipo jambo jingine ambalo washauri wa sera wasilisahau: aliyekingwa dhidi ya homa hajazuiwa kuwaambukiza wengine. Uchunguzi wa Nagongera wa miaka ya 2017 hadi 2019 uligundua kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi yaliyopitishwa kwa mbu yalitoka kwa watu wasiokuwa na dalili, na kwamba watoto wa umri wa shule walichangia zaidi ya nusu. Kinga inayomwacha mtoto acheze uwanjani huku akiwalisha mbu ni faida kwake na deni kwa mdogo wake.

7.0 Chanjo na Maana Mpya ya Kipimo

Tofauti ya pili ya mpaka huu ni ya chanjo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya RTS,S kwa majaribio mwezi Septemba 2019 katika baadhi ya maeneo ya kaunti za magharibi, Busia ikiwamo. Uganda ilianza kutoa chanjo ya R21 mwezi Aprili 2025. Chanjo zote mbili humfundisha mtoto kuitambua protini moja inayofunika kimelea kinapotoka kwa mbu, iitwayo kwa kifupi CSP.

Protini hiyo hiyo imetumiwa kwa miaka mingi kama alama ya kuumwa na mbu wenye vimelea. Matokeo yake ni kwamba kiwango kile kile cha kingamwili dhidi ya CSP, kikipimwa kwa watoto wawili wanaosoma hatua chache kutoka kizuizi cha mpaka, kinaweza kumaanisha sindano kwa mmoja na mbu kwa mwingine. Mchambuzi asiye na kadi ya chanjo mbele yake ataandika kwamba maambukizi yameongezeka mahali ambapo, kwa kweli, chanjo imefika. Taarifa ya namna hiyo ikipanda hadi wizarani, itahamisha fedha kutoka palipo na haja hadi pasipo na haja.

8.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, kiwango cha kingamwili kisitumiwe kama cheti cha kinga ya mtu mmoja mmoja, wala kisiwe sababu ya kumnyima yeyote chandarua, dawa ya kinga wakati wa ujauzito, au matibabu ya haraka. Pili, kitumiwe kwa jamii nzima kama chombo cha onyo, hasa kabla na baada ya kubadilisha au kusimamisha upuliziaji wa dawa, na matokeo yatolewe kwa makundi ya umri. Tatu, wilaya za Tororo na Busia na Kaunti ya Busia zikubaliane kupima antijeni zile zile, katika misimu ile ile, na kuambatanisha kumbukumbu za chanjo. Ambapo CSP inatumiwa, ziwepo pia antijeni za hatua ya damu zisizoguswa na chanjo. Nne, fomu za ridhaa na mafunzo ya wahudumu wa afya, yawe kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia au Dhopadhola, yaeleze waziwazi kwamba kuwa na kingamwili si sawa na kuwa na kinga.

Pendekezo la mwisho ni la wanalugha kama lilivyo la wanasayansi. Hatuna haja ya kuliacha neno kingamwili; limekwisha kuota mizizi. Tunachohitaji ni kulisindikiza kwa maelezo kila linapopelekwa kwa mzazi. Mama wa Nagongera anayejitolea damu ya mwanawe kwa ajili ya utafiti anastahili kuambiwa kile ambacho damu hiyo inasema kweli: kwamba vimelea vimepita, lini, na kwa wingi gani. Kuhusu iwapo vitapita tena bila kumdhuru, sayansi imekaribia kujibu kwa watu wazima walio chini ya uangalizi. Kwa mtoto wake, jibu la uhakika leo bado ni chandarua kisichotoboka na zahanati yenye dawa.